Pierre Budin: Daktari aliyeuliza miezi ya mimba kabla ya kuhukumu mizani

Watoto wawili wamezaliwa usiku mmoja katika zahanati moja. Mkunga anawaweka kwenye mizani, mmoja baada ya mwingine, na wote wanatoa kilo 2 na gramu 300. Mtaani wote wataitwa njiti. Lakini mama wa kwanza alijifungua mimba ikiwa na wiki 34, yaani miezi minane haijatimia. Wa pili alijifungua kwa wiki 40, siku zake zimetimia kabisa.

Kwa mtoto wa kwanza, kilo 2.3 ni uzito unaolingana na umri wake. Amekua vizuri tumboni, ila ametoka mapema. Mtoto wa pili amekaa tumboni muda wote unaotakiwa lakini hakukua inavyotakiwa. Kuna kitu kilimnyima chakula au hewa akiwa humo humo. Mizani imewapa namba moja, lakini shida zao si moja, na kila mmoja anahitaji kuangaliwa kwa namna yake.

Tofauti hiyo leo hufundishwa kwa kila mwanafunzi wa ukunga. Zamani haikuwa hivyo. Miongoni mwa watu wa kwanza kuisimamia alikuwa daktari Mfaransa aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Pierre Budin. Wasikilizaji wetu wengi hawajawahi kusikia jina hili, ingawa mambo mengi yanayofanyika kliniki kila mwezi, kuanzia kumpima mtoto uzito hadi kumhimiza mama anyonyeshe, yamepita mikononi mwake.

Mtoto wa kijijini aliyeingia Paris

Budin alizaliwa tarehe 9 Novemba 1846 katika kijiji cha Enencourt-le-Sec, wilaya ya Oise, kaskazini mwa Paris. Alisomea udaktari Paris na kuchagua kazi ya uzazi. Mwaka 1876 alimaliza andiko lake la shahada, lililohusu kichwa cha mtoto aliye tumboni na namna kinavyopita wakati wa kuzaliwa. Kazi hiyo ilimjengea jina mapema, kwa kuwa siku hizo akina mama wengi na watoto wao walikufa katika uchungu uliokwama.

Ufaransa ya wakati huo ilikuwa na hofu kubwa. Mwaka 1871 ilikuwa imeshindwa vita na Wajerumani, na viongozi wake walihesabu watu kila mwaka wakiona idadi haiongezeki kama ya majirani. Watoto waliozaliwa walikuwa wachache, na wengi hawakufika mwaka mmoja. Wanasiasa walitaka watoto wapone ili siku moja wawe askari. Si sababu nzuri sana ya kumpenda mtoto, lakini ndiyo iliyofungua mifuko ya serikali, na madaktari kama Budin waliitumia nafasi hiyo.

Mwalimu wake alikuwa Stéphane Tarnier, mkuu wa hospitali ya uzazi ya Maternité mjini Paris. Huyu ndiye aliyekwenda kwenye bustani ya wanyama ya Paris akaona mashine ya kutotolea vifaranga, kisha akamwomba mtengenezaji wake, Odile Martin, amtengenezee kubwa zaidi ya kuwekea watoto. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kuta mbili, katikati yake pamejazwa unga wa mbao ili joto lisipotee. Chini palikuwa na tangi la maji ya moto, juu wakalazwa watoto, na kifuniko kilikuwa cha kioo. Lilianza kutumika Maternité mwaka 1880.

Matokeo yalionekana haraka. Kabla ya sanduku hilo, kati ya watoto 100 waliozaliwa pale wakiwa chini ya kilo 2, walikufa 66. Baada yake walikufa 38. Hakukuwa na dawa mpya wala upasuaji. Kilichoongezeka ni joto tu.

Banda la watoto dhaifu

Mwaka 1893 mkunga mkuu wa Maternité, Madame Henry, alifungua jengo maalumu la watoto hao wadogo. Wafaransa waliwaita kwa neno lenye maana ya watoto dhaifu. Tunamtaja mama huyu kwa makusudi, kwa sababu historia za udaktari hupenda kuwasifu maprofesa na kuwapita wakunga, na jengo hili halikuanzishwa na profesa.

Budin alikabidhiwa jengo hilo mwaka 1895. Wengi wa watoto walioletwa hapo hawakuzaliwa hospitalini. Walizaliwa kwenye vyumba vya maskini mjini, kisha wakabebwa kupita mitaa yenye baridi kali ya Paris, wengine wakiwa wamevikwa nguo nyepesi tu. Walifika wamepoa kabisa. Budin alifanya jambo lililokuwa rahisi kulipuuza: aliwapima joto pale walipofika, akaandika, kisha akafuatilia nani alipona na nani alikufa.

Hesabu yake ilishtua. Wale waliokuwa na joto la mwili kati ya nyuzi 32.5 na 33.5 walipona 10 tu kati ya 100. Wale waliodumu kati ya 36 na 37 walipona 77. Tofauti hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na safari ya kutoka nyumbani hadi hospitali, na blanketi lililokosekana njiani.

Kwa anayeishi mbali na hospitali, hapa pana la kuangalia. Mtoto mdogo hana mafuta chini ya ngozi ya kumtunzia joto. Ngozi yake ni pana ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo joto humtoka upesi, hasa kichwani na akiwa amelowa. Mtu mzima anaweza kuwa anatokwa na jasho ndani ya nyumba na mtoto huyo akawa anapoa. Hali hiyo hutokea Njombe kwenye baridi, na hutokea Tanga kwenye joto. Ndiyo maana wahudumu husisitiza mtoto akaushwe mara tu anapozaliwa, avikwe kofia na soksi, na asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa halimo katika ushauri huo. Moshi wake huua mama na mtoto pamoja.

Budin alitaja maadui watatu wa mtoto mdogo. Wa kwanza ni baridi. Wa pili ni kulishwa vibaya. Wa tatu ni maradhi ya kuambukiza, ambayo wakati ule yalipita wodini kama moto kwenye majani makavu. Aliwatenga watoto wenye maradhi na wale wazima, na akataka wahudumu wao wasichanganyike. Leo hili linaonekana la kawaida. Mwaka 1895 hospitali nyingi zilikuwa bado hazijalizoea.

Maziwa, na mama aliyefungiwa nje

Kwenye chakula ndipo Budin alipotumia muda mwingi zaidi. Mtoto aliyezaliwa mapema sana hawezi kunyonya, kwa kuwa bado hajapata uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Ilibidi maziwa yakamuliwe na kutiwa mdomoni kwa kijiko, au kupitishwa kwa mpira mwembamba hadi tumboni, njia aliyoisambaza Tarnier. Maziwa yenyewe, Budin alisisitiza, yawe ya binadamu.

Wakati huo hospitali iliajiri wanawake wa kunyonyesha watoto wa wengine. Budin alitaka wanawake hao wabaki na watoto wao wenyewe na waendelee kuwanyonyesha. Sababu yake ilikuwa ya kihuruma na ya kitaalamu kwa pamoja. Mtoto dhaifu hunyonya kidogo sana, na ziwa lisilonyonywa kwa nguvu hukauka. Mtoto mzima wa yule mama ndiye aliyefanya maziwa yaendelee kutoka, na yule dhaifu akapata sehemu yake. Mama yeyote aliyewahi kukamua maziwa kwa mkono kwa wiki mbili akimsubiri mtoto wake apate nguvu anajua Budin alikuwa anazungumzia nini.

Jambo jingine aliloliona lilikuwa gumu kulisema mbele ya madaktari wenzake. Mashine ya joto ilimwokoa mtoto, lakini ilimtenga na mama yake. Mama alikwenda nyumbani, maziwa yakakauka, na baada ya wiki kadhaa alirudishiwa mtoto ambaye karibu alikuwa mgeni kwake. Wengine hawakurudi kabisa kuwachukua. Budin aliona kwamba mama akitengwa na mwanawe tangu siku ya kwanza, mapenzi nayo hufifia. Akataka akina mama waruhusiwe kuingia, waone watoto wao kupitia kioo, wawashike, wawanyonyeshe. Hakuona faida ya kumwokoa mtoto hospitalini kisha kumkosesha mama.

Wakati huo huo mashine hizo zilianza safari nyingine. Mwaka 1896, kwenye maonyesho makubwa mjini Berlin, watoto wadogo waliwekwa ndani ya mashine za joto na watu wakalipa kiingilio kuwatazama. Mtu aliyekuja kuwa maarufu kwa biashara hiyo, Martin Couney, aliipeleka Marekani, na huko Coney Island, New York, iliendelea hadi mwaka 1943. Couney alijitangaza kuwa mwanafunzi wa Budin, dai ambalo wanahistoria wanalitilia shaka. Ni kweli kwamba aliokoa watoto wengi ambao hospitali za huko hazikuwa na nafasi nao, na kiingilio ndicho kilicholipia matunzo. Bado ni vigumu kuipenda picha ya mtoto wa kilo moja na nusu akitazamwa kama samaki kwenye tangi.

Mizani kila wiki

Tumerudi nyuma kidogo, maana kazi inayomfanya Budin akumbukwe zaidi ilianza kabla ya jengo la watoto dhaifu. Mwaka 1892, akiwa hospitali ya Charité, aligundua kwamba akina mama aliowazalisha salama walirudi baadaye kuzaa tena, na ukiwauliza habari za mtoto wa mwanzo, wengi walijibu kuwa amekufa. Kazi yote ya chumba cha uzazi ilikuwa inapotea nyumbani, mara nyingi kwa kuharisha kunakotokana na maziwa ya ng'ombe machafu.

Akawaita warudi na watoto wao kila wiki, bila malipo. Mtoto alivuliwa, akawekwa kwenye mizani, uzito ukaandikwa. Mama aliyenyonyesha alitiwa moyo aendelee. Aliyeshindwa kabisa alipewa maziwa yaliyochemshwa na kufungwa kwenye chupa ndogo ndogo, kila chupa mlo mmoja, ili yasikae wazi na kuharibika. Mwaka huo huo daktari mwingine, Gaston Variot, alianzisha huduma kama hiyo mtaa wa Belleville, na mwaka 1894 Léon Dufour akafungua yake katika mji wa bandari wa Fécamp. Wazo likaenea nchi nyingine za Ulaya na Marekani.

Ukitazama kadi ya mtoto unayopewa kliniki, yenye mstari unaopanda mwezi baada ya mwezi, unatazama mjukuu wa daftari la Budin.

Kwa kupima watoto wengi hivyo, aliona kwamba namba moja haitoshi. Mtoto mdogo aliyekuwa anapanda kila wiki alimtia matumaini. Mtoto mkubwa aliyesimama pale pale alimtia wasiwasi. Na kwa watoto wachanga hasa, alitaka ijulikane mimba ilikuwa na umri gani. Wanahistoria wa tiba ya watoto humtaja kuwa mmoja wa wa kwanza kuwapanga watoto kwa kulinganisha uzito na umri wa mimba: walio wadogo kuliko umri wao, wanaolingana nao, na waliouzidi.

Mwaka 1898, baada ya Tarnier kufariki, Budin alichukua uongozi wa kliniki ya uzazi yenye jina la mwalimu wake. Mafunzo aliyokuwa akiwapa wanafunzi yalichapishwa mwaka 1900 kwa jina Le Nourrisson, yaani mtoto anyonyaye, na mwaka 1907 yakatoka kwa Kiingereza. Kitabu hicho kilisomwa na madaktari wa watoto wa nchi nyingi kwa miongo kadhaa.

Kwa nini mtoto hakui tumboni

Budin hakuwa peke yake Paris. Daktari mwenzake, Adolphe Pinard, mwaka 1895 aliwalinganisha wanawake maskini waliofanya kazi hadi siku ya uchungu na wale waliopata kupumzika kwenye nyumba ya hifadhi siku za mwisho za mimba. Watoto wa waliopumzika walizidi wa wenzao kwa karibu gramu 300 kwa wastani. Wafuaji nguo, washonaji na wafanyakazi wa viwandani wa Paris walikuwa wakilipa kazi yao kwa miili ya watoto wao. Hesabu ya Pinard ilitumika kudai likizo ya uzazi, na mwaka 1909 Ufaransa ikapitisha sheria ya kumlindia mwanamke kazi yake kwa wiki nane za kujifungua. Ilimlindia kazi tu. Mshahara haukuwemo.

Tangu wakati huo sababu zimejulikana zaidi. Mtoto tumboni hula na kuvuta hewa kupitia kondo la nyuma. Shinikizo la damu la mama likipanda, mishipa ya kondo hubana na chakula hupita kidogo. Malaria nayo, hata ile isiyompa mama homa, hujaza vimelea ndani ya kondo na kulifanya lifanye kazi nusu nusu. Upungufu wa damu, lishe duni, mimba ya mapacha, uvutaji wa sigara, na maradhi ya mtoto mwenyewe huongeza orodha. Wapo pia watoto walio wadogo kwa sababu wazazi wao ni wadogo wa umbo, na hao hawana tatizo lolote.

Ndiyo maana siku ya kwanza ya kliniki hukosi kupimwa presha na damu, na maeneo yenye malaria mama hupewa vidonge vya SP kuanzia miezi minne hivi pamoja na chandarua. Wengine huona kupimwa tumbo kwa futi ni mchezo. Kipimo kile humwonyesha mkunga kama mtoto anakua kulingana na wiki zake, lakini hakina maana ikiwa hakuna anayejua wiki hizo zilianza lini. Tarehe ya hedhi ya mwisho, ikiandikwa hata kwa mkaa ukutani, ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Mtoto aliyetimiza siku lakini akazaliwa mdogo huonekana mwembamba, ngozi imelegea, kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili. Mara nyingi yuko macho na ananyonya kwa pupa, na hapo watu husema huyu hana shida. Hatari yake imejificha. Hakuweka akiba ya mafuta wala ya sukari, kwa hiyo akikaa saa nyingi bila kunyonya sukari ya damu hushuka, akalegea, akatetemeka, na ubongo ukaumia. Anahitaji ziwa ndani ya saa ya kwanza, pamoja na ile dang'a ya njano ambayo baadhi ya bibi zetu huimwaga, kisha kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, hata kama ni kumwamsha. Yule aliyezaliwa mapema, mbali na baridi na njaa, anaweza kuwa na mapafu yasiyokomaa na huhitaji hospitali kwa sababu hiyo. Kwa wote wawili, mtoto akikataa kunyonya, akiwa wa baridi au wa moto sana, akihema mbio, akiwa na degedege au akigeuka njano hadi viganja na nyayo, ni kuondoka mara moja kwenda kituo cha afya, akiwa kifuani kwa mama njia nzima.

Wengi wa watoto waliozaliwa wadogo kuliko umri wao huwafikia wenzao kwa urefu na uzito kabla ya miaka miwili. Hawahitaji uji wa mapema wala maziwa ya ng'ombe ya kuwanenepesha.

Baada ya Budin

Mwaka 1902 Budin alishiriki kuanzisha umoja wa kupambana na vifo vya watoto wachanga nchini Ufaransa, pamoja na wanasiasa Théophile Roussel na Paul Strauss. Miaka yake ya mwisho aliitumia zaidi kwenye mikutano na safari kuliko wodini. Alifariki Marseille tarehe 22 Januari 1907, akiwa na umri wa miaka 60. Paris kuna mtaa wenye jina lake, katika wilaya ya 18, na kwa miaka mingi eneo hilo limekuwa makazi ya familia nyingi zilizotoka Afrika.

Suala lake la miezi ya mimba lilisahaulika kwa muda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, daktari wa Kifini Arvo Ylppö alipendekeza mstari wa gramu 2,500: aliye chini yake ahesabiwe kuwa amezaliwa kabla ya wakati. Ulikuwa mstari rahisi kutumia, maana mizani ipo na tarehe za mimba mara nyingi hazipo, na Shirika la Afya Duniani likaufuata. Ikawa yule mtoto wa wiki 40 mwenye kilo 2.3 anaandikwa vitabuni kuwa alizaliwa mapema, jambo ambalo mama yake angelikanusha kwa urahisi kama angeulizwa. Shirika hilo lilibadili msimamo mwaka 1961, likaanza kusema mtoto mwenye uzito mdogo, bila kudai amezaliwa mapema.

Miaka miwili baadaye, daktari wa kike wa Denver, Marekani, Lula Lubchenco, alichapisha chati ya uzito wa watoto waliozaliwa kuanzia wiki ya 24 hadi ya 42. Sasa mkunga aliweza kutafuta wiki, kutafuta uzito, na kuona mtoto yuko wapi. Ukiwapanga watoto 100 wa wiki moja kwa uzito, wale 10 wepesi zaidi ndio wanaoitwa wadogo kuliko umri wa mimba. Chati hiyo ilikuwa na kasoro moja: Denver iko juu sana milimani, na watoto wa huko huzaliwa wepesi kidogo. Nyingine zilitengenezwa baadaye, lakini njia ilikuwa ile ile.

Na lile la mama kufungiwa nje? Lilichukua muda mrefu zaidi. Baada ya Budin, hospitali nyingi za Ulaya na Marekani ziliwazuia wazazi kuingia wodi za watoto wachanga kwa kuogopa maradhi, na mtindo huo ukafika hata kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali moja ya Bogotá, Colombia, mashine za joto hazikutosha na watoto walilazwa wawili watatu katika moja, wakiambukizana. Daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwafunga watoto kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, jinsi kangaruu abebavyo mwanawe. Wengi wenu mnaifahamu njia hiyo, au mmewahi kufungiwa kitenge kifuani mkiwa mmelala nusu mmeketi.

Kwa miaka mingi ilishauriwa mtoto asubiri hadi hali yake itulie kwenye mashine ndipo apelekwe kifuani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulijaribu kinyume chake katika hospitali za nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako ulifanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Watoto 3,211 wenye uzito kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitunzwa kwa utaratibu wa zamani. Kundi la pili liliwekwa kifuani mapema tu baada ya kuzaliwa, na ili hilo liwezekane, kitanda cha mama kiliingizwa ndani ya wodi ya watoto mahututi. Katika kundi la kwanza walikufa karibu watoto 16 kati ya 100 ndani ya siku 28. Katika kundi la pili walikufa 12. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu haikuonekana haki kuendelea kuwanyima kundi la kwanza, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto mdogo awekwe kifuani mara tu anapozaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa awe mahututi kiasi cha kushindwa kupumua mwenyewe au mwenye mshtuko wa damu. Kama si mama, basi baba, bibi au shangazi.